Lehemu Ipi Ununue, na Utajuaje Kama Ni Feki

Anayeanza kazi za elektroniki hutumia wiki nzima kuulizia pasi ya kulehemia: ya wati ngapi, ina kidhibiti joto au haina, ncha yake ikoje. Akishaipata, anachukua lehemu yoyote (ile metali inayoyeyushwa kuunganisha vipuri) iliyoning'inia ukutani mwa duka, mradi inang'aa. Sisi tungemshauri ageuze. Pasi ya kawaida ikipewa lehemu nzuri hutoa kiungo kinachodumu. Pasi ya gharama ikipewa lehemu mbovu humfanya mtu mzima aanze kuushuku mkono wake.

Haya yametoka kwenye meza za kazi za Arusha na Moshi, kwenye mambo ya kila siku: amplifaya za sabufa, redio, vidhibiti chaji vya sola, taa za LED, bodi za Arduino za wanafunzi, vidhibiti joto vya mashine za kutotolesha vifaranga. Anayefanya bodi za simu chini ya darubini ana mahitaji yake mengine, naye tutamgusa kwa mbali.

Ukifika dukani

Neno "risasi" dukani linabeba vitu viwili. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi, iwe jirani na soko la Kilombero jijini Arusha au kule Mbuyuni mjini Moshi, ukasema tu "naomba risasi ya kuchomelea", unaweza kukabidhiwa kijiti kinene kuliko penseli. Hicho ni cha mafundi rejeta na mafundi wa vyombo vya bati. Mara nyingi risasi yake ni nyingi kuliko bati, kinataka moto mkubwa, hakina fluksi ndani (dawa inayosafisha shaba ili lehemu ishike), na wenyewe hukitumia pamoja na asidi. Kwenye rejeta kinafanya kazi yake vizuri. Kwenye bodi, pedi, yaani kile kibapa cha shaba kinacholehemiwa, itabanduka kabla kijiti hakijatambaa.

Unachotaka wewe ni waya mwembamba wenye fluksi katikati. Sema yote kwa pumzi moja: "waya wa kulehemia bodi, 63/37, milimita 0.8, wenye fluksi ndani." Muuzaji asipoelewa 63 ni nini, usimlaumu, anauza pia bawaba na swichi. Lakini hapo ujue kupima ni kazi yako. Mzigo umekuja kwa basi kutoka Kariakoo, au umepita Namanga kutoka Nairobi, na umeshashikwa na mikono mingi. Maandishi ya kwenye boksi ni ahadi tu.

Namba zinasema nini

Namba ya kwanza ni bati, ya pili ni risasi, kwa uzito. Bati hapa ni metali yenyewe, ambayo alama yake ni Sn, na wala si bati la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Risasi ni Pb, fedha ni Ag, shaba ni Cu, bismathi ni Bi.

Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232, risasi peke yake kwenye 327. Ukizichanganya, zote mbili hushuka, na kwenye 63 kwa 37 zinafika chini kabisa: nyuzi 183. Zaidi ya kushuka, mchanganyiko huo unaganda wote kwa pamoja. Hauna kipindi cha kuwa nusu uji nusu maji. Mkono ukitikisika kidogo wakati kiungo kinapoa, 63/37 inakusamehe kwa sababu imeshaganda.

60/40 ni ndugu yake wa karibu. Inaanza kuganda kwenye nyuzi kama 190 na kumaliza kwenye 183, na hizo nyuzi saba mkono uliozoea hauzioni. Ukiikosa ya kwanza, chukua hii bila wasiwasi. 50/50 tayari ina uji mrefu. 40/60 inaanza kuganda karibu na 238 na haimalizi mpaka 183. Hapo katikati kipuri kikisogea hata unywele mmoja, kiungo kinabaki na ufa usiouona kwa macho, na redio itaimba leo na kesho itakuwa ikikatakata.

Tatizo la soko letu ni kwamba roli nyingi zilizoandikwa 63/37 haziko hivyo. Bati ni ghali, risasi ni rahisi, na anayetaka faida anajua apunguze nini.

Kuipima bila maabara

Anza na kuangalia. Kata waya kwa wembe mkali, usitumie koleo, kwa kuwa koleo huminya na kuziba tundu. Piga picha ya mkato kwa simu halafu uivute. Unatakiwa kuona nukta moja au zaidi yenye rangi ya asali au nyeusi katikati: hiyo ndiyo fluksi. Usipoona kitu, yeyusha sentimita mbili kwenye ncha ya pasi. Waya wenye fluksi hutoa moshi mweupe wenye harufu ya utomvu. Usiotoa moshi wowote ni metali tupu, nao utakulazimu ununue fluksi pembeni.

Kisha jaribu kugandisha. Chukua kipande cha shaba safi, hata waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 uliopondwa ukawa bapa, ukisugue kwa msasa mpaka kiwe cha waridi. Yeyusha juu yake milimita 10 za lehemu, hesabu sekunde mbili, ondoa pasi, kisha mara moja anza kugusagusa tone kwa kijiti cha meno. Lehemu nzuri inakuwa maji, kisha ghafla inakuwa jiwe, na uso wake unang'aa. Ile yenye risasi nyingi inapita kwenye uji: kijiti kinaacha alama kama kwenye ugali mbichi, na ikiganda inakuwa ya kijivu yenye chembechembe. Angalia pia kama imetambaa. Tone likitandaza kingo zake na kuishia kwa mteremko laini, fluksi inafanya kazi. Likikaa kama shanga juu ya shaba uliyoisafisha mwenyewe, roli hiyo irudishe.

Mwenye mita inayopima joto kwa waya wa aina ya K, ambao ndio kihisio chake, anaweza kwenda mbali zaidi, na kwa kweli hiki ndicho kipimo tunachokiamini. Kwanza hakikisha mita yenyewe haidanganyi. Wengi hutumbukiza kihisio kwenye maji yanayochemka, wakiona 95 wanasema mita mbovu. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huku kwenye nyuzi kama 95. Moshi iko chini zaidi, huko utapata kama 97. Mita ikikupa 100 kamili ukiwa Arusha, ndipo uanze kuishuku.

Halafu tafuta kizibo cha chuma cha chupa ya soda na ukibandue plastiki yote ya ndani. Weka humo gramu 15 za lehemu, ambazo kwa waya wa milimita 0.8 ni kama mita nne. Fanya kazi hii nje, kwa maana fluksi yote itatoka kwa moshi. Weka kizibo juu ya jiko la umeme mpaka lehemu ifike nyuzi 270, tumbukiza kihisio katikati, toa kizibo kwa koleo ukiweke juu ya tofali kavu. Tofali likiwa na unyevu, au tone la maji likianguka ndani, lehemu itaruka usoni. Vaa miwani.

Sasa andika joto kila baada ya sekunde tano. Litashuka, litashuka, kisha litasimama. Pale liliposimama ndipo palipo jina la kweli la lehemu yako. Ikisimama mara moja tu, kwenye 183, na kukaa hapo kwa muda unaoonekana wazi, ni 63/37. Ikipunguza mwendo kidogo kwenye 190 kisha ikasimama 183, ni 60/40. Ikianza kujivuta kuanzia 230 na kitu, ikashuka polepole njia nzima, halafu ikapumzika kifupi kwenye 183, umeuziwa 40/60 au jamaa yake. Kusimama kwenye 227 ni bati na shaba bila risasi. Kusimama kwenye 138 ni bati na bismathi, ambayo tutaisema baadaye. Wakati mwingine joto linapitiliza chini nyuzi chache kisha linarudi juu lenyewe. Usishtuke, ni kawaida ya metali kuchelewa kuanza kuganda. Hesabu ile namba iliyorudi.

Ni kweli mita nne za lehemu si kitu cha kutupa. Hutupi: tone hilo kubwa lipake fluksi na ulitumie kuchovyea ncha za nyaya nene. Na kipimo hiki hukifanyi kila wiki. Nunua kwanza kifungashio kidogo cha gramu 20, kipime, kikifaulu rudi siku hiyohiyo uchukue roli ya gramu 100 ya mzigo uleule. Ukirudi baada ya miezi miwili boksi litakuwa lilelile na lehemu nyingine.

Unene

Hapa watu hukosea kwa sababu hawapigi hesabu. Waya wa milimita 1.0 si mara mbili ya ule wa 0.5, kwa urefu uleule unatoa metali mara nne. Kiungo cha kawaida, yaani mguu wa rezista wa milimita 0.6 ndani ya tundu la milimita 1 kwenye bodi ya unene wa milimita 1.6, kinahitaji kama milimita za ujazo mbili tu za lehemu. Kwa waya wa 0.8 hizo ni milimita nne za urefu. Mkono unaweza kulisha milimita nne na kuzikadiria vizuri. Kwa waya wa 1.5 kiasi hichohicho ni milimita moja na kidogo, na hakuna anayeweza kusimama hapo. Utamwaga, na miguu miwili ya chipu itaungana.

Kwa hiyo 0.8 ndiyo ya kuanzia. Inafaa kwa rezista, transista, soketi, hata nyaya za spika ukiwa mvumilivu. Kwa vipuri vya kubandikwa juu ya bodi na chipu zenye miguu iliyobanana, ongeza roli ndogo ya 0.5. Roli ya 1.2 au zaidi ni kwa ajili ya nyaya nene za betri na vituo vya amplifaya. Ukitumia 0.5 huko utalisha waya mpaka uchoke, na muda wote huo ganda la plastiki la waya linayeyuka.

Gramu 100 za waya wa 0.8 wenye fluksi ni kama mita 25. Kwa mtu wa kujifurahisha wikiendi hiyo ni akiba ya mwaka au zaidi.

Fluksi, ile isiyoonekana

Shaba ikikaa hewani inavaa ngozi nyembamba ya oksaidi, na lehemu haishiki ngozi hiyo. Fluksi ndiyo inayoivua. Ya elektroniki hutokana na rozini, utomvu wa msonobari uliokwisha kukamuliwa mafuta yake kwa moto. Misonobari tunayo, nenda West Kilimanjaro uone, lakini utomvu mbichi wa kwenye gome si rozini. Una mafuta ya tapentaini, unanata, na utaacha bodi ikiwa mtego wa inzi.

Kwenye roli tafuta asilimia ya fluksi. Kati ya 2 na 2.5 ni nzuri. Ya 1.2 inatosha kiwandani ambako vipuri ni vipya. Kwetu, ambako rezista nyingine zimekaa kwenye mkebe miaka mitano, haitoshi. Alama za zamani ni R, RMA na RA, kutoka iliyo dhaifu kwenda iliyo kali. RMA ndiyo ya kati na ndiyo tunayoipenda. Kwenye roli mpya utaona ROL0 au ROL1: RO ni rozini, L ni ukali mdogo, na 0 au 1 huonyesha kama imeongezewa chumvi za kuipa nguvu. Yenye herufi H ni kali, kaa nayo mbali.

Kaa mbali kabisa na asidi ya mafundi bati. Ile ni zinki iliyoyeyushwa ndani ya asidi ya chumvi. Inalehemu vizuri sana siku ya kwanza, hata waya uliooza unashika, na hapo ndipo inapomponza mtu. Baada ya wiki chache za unyevu wa masika, njia za shaba zinaota ukungu wa kijani na kukatika moja moja. Kuiosha ikaisha chini ya soketi na chipu ni ndoto.

Mkebe mdogo wa rozini ngumu, ule wa rangi ya kahawia kama donge la sukari guru, ni mzuri na unadumu. Kwa kazi nyingi hata hivyo tunaona ya maji inafaa zaidi. Saga gramu 20 za rozini, tia kwenye mililita 80 za alkoholi ya isopropili, funga chupa, itikise mara kwa mara mpaka kesho. Pakaa kwa brashi ndogo kabla ya kulehemu. Usitumie sanitaiza ya jeli, si kwa hili wala kwa kusafishia bodi: ina gliserini na vitu vya kulainisha ngozi ambavyo havikauki. Hiyo alkoholi ya isopropili na mswaki wa zamani ndivyo vya kusafishia. Mabaki ya rozini yenyewe hayali shaba, ila yanashika vumbi, na kwenye barabara zetu za vumbi kidhibiti chaji kisichooshwa kinakuwa na koti la tope kabla ya mwaka.

Lehemu isiyo na risasi, na vifaa vya mitumba

Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vingi vipya vya elektroniki kuanzia tarehe 1 Julai 2006, na viwanda vingi duniani vikafuata. Hivyo redio au amplifaya ya mitumba iliyoundwa baada ya hapo, chukulia kwamba ndani haina risasi, hasa ukiona kwenye bodi maandishi Pb-free au LF.

Aina mbili ndizo utakazokutana nazo: bati 99.3 na shaba 0.7, inayoyeyuka kwenye 227. Na ile yenye fedha 3.0 na shaba 0.5, iliyobaki bati, inayoyeyuka kati ya 217 na 220. Zote zinataka pasi iwe nyuzi 350 hadi 380, wakati 63/37 inaridhika na 320 hadi 350. Viungo vyake vikiwa vya kijivu kidogo ndivyo vilivyo. Usivirudie kwa kudhani ni vibovu, utabandua pedi bure.

Je, unayejifunza uanze na isiyo na risasi? Hapana, kwa maoni yetu. Inakula ncha za pasi haraka, inatambaa kwa uvivu, na pasi ndogo haiiwezi. Ila kama kuna watoto wanaocheza kwenye meza hiyohiyo, hesabu inabadilika, na hapo tungechukua ile ya fedha pamoja na pasi yenye kidhibiti joto.

Ukitengeneza bodi ya mitumba kwa 63/37, usiongeze tu juu ya ya zamani. Ongeza kidogo ili ya zamani ilainike, nyonya yote kwa pampu au utepe wa shaba, kisha weka mpya.

Bismathi ni habari nyingine. Bati 42 na bismathi 58 inayeyuka kwenye 138, na mafundi simu wanaipenda kwa kutolea chipu. Kwa hilo ni nzuri. Shida huanza ikibaki kwenye bodi yenye risasi: bati, risasi na bismathi zikikutana zinaunda mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi kama 96. Transista ya amplifaya inaweza kufika hapo ikiwa kazini, na kiungo kinalegea wakati sherehe imepamba moto. Tena ni dhaifu kwa mtikisiko. Usiiweke kwenye kitu kitakachofungwa kwenye bodaboda.

Kabla hujailaumu lehemu

Mambo mawili huifanya lehemu nzuri ionekane mbovu. La kwanza ni umeme. Nguvu ya pasi isiyo na kidhibiti hufuata mraba wa volti. Volti zikishuka jioni kutoka 230 hadi 180, pasi ya wati 40 inabaki na kama wati 24, na ya wati 30 inabaki na 18. Mchana ililehemu, usiku inabandika uji. Weka taa au mita mahali uone volti, na kazi za pedi kubwa zifanye asubuhi. Ukinunua pasi, wati 60 zenye kidhibiti joto zinakupa nafasi ya kupumua, na ncha bapa ya milimita 2.4 hupeleka joto vizuri kuliko ile iliyochongoka kama sindano. Ncha ya kisasa imepakwa chuma juu ya shaba; ukiipiga tupa umeiua.

La pili ni waya. Nyaya nyingi za bei ndogo za spika na za sola ni alumini iliyopakwa shaba. Ukiikwangua kwa kisu na ndani ikawa nyeupe, umeshajua. Lehemu inashika ile ngozi ya shaba, ngozi inayeyukia ndani ya lehemu, na unabaki na alumini tupu isiyoshika kitu. Usihangaike na fluksi kali. Tumia kibano cha skrubu, au nunua waya wa shaba. Waya wa kusukia mota nao una vanishi. Ukwangue mpaka ung'ae kabla ya kuulehemu.

Kiungo chenyewe ni kazi ya sekunde tatu. Paka ncha lehemu kidogo, igusishe pedi na mguu kwa pamoja, hesabu sekunde moja, lisha milimita nne upande wa pili wa mguu, usilishe kwenye ncha. Ikishatambaa ondoa waya kwanza, kisha pasi, na usipulize kwa mdomo. Ukiyeyushia kwenye ncha halafu ukabeba tone kulipeleka kwenye bodi, fluksi inaungulia njiani na kinachofika ni metali tupu. Hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi, hata kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi walio na vifaa vizuri kuliko vyetu.

Mikono, ugali na roli iliyofunguliwa

Risasi haigeuki mvuke kwa joto la pasi. Huchemka kwenye nyuzi 1,749. Moshi unaouona ni wa rozini, nao unaumiza kifua, zaidi kwa mwenye pumu. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 iliyowekwa ivute moshi pembeni inatosha. Isipulize kiungo, maana itakipoza.

Risasi yenyewe huingia kwa mdomo. Fundi anayeshika waya kwa meno ili mikono yote iwe huru, hilo aliache leo. Sisi tunakula kwa mkono, basi kunawa kwa sabuni kabla ya kugusa ugali au ndizi si adabu tu. Sifongo ya kufutia ncha isioshwe kwenye beseni la vyombo, na vumbi la mezani lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, lisipeperushwe kwa ufagio.

Roli iweke kwenye mkebe wenye kifuniko, mbali na dirisha. Ikikaa wazi inavaa oksaidi na kuwa ya kijivu. Vuta kipande unachotaka kutumia ndani ya kitambaa chenye alkoholi mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Lehemu ya pesti, yaani unga wa lehemu uliochanganywa na fluksi, kwenye bomba la sindano usiinunue kama huna kazi nayo mwezi huu. Inataka jokofu la nyuzi 2 hadi 10, lisilo la chakula, na ikisafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam, Februari, ikafika Moshi mchana wa jua kali, fluksi inakuwa imejitenga. Ukiipata nzima, itoe kwenye jokofu saa nne kabla ya kuifungua. Ukiifungua ikiwa baridi inavuta unyevu wa hewani, na ukiipasha moto itarusha vishanga vidogo chini ya chipu, mahali ambapo kijiti cha meno hakifiki.